Shoka Halikuchomoka

Mdogo wangu amenunua bastola. Yuko Marekani, mwaka wa saba sasa, kadi ya ukaaji wa kudumu anayo, na sheria ya kule inamruhusu. Alinitumia picha kwa WhatsApp, imelala juu ya kitambaa cha meza kama samaki aliyetoka ziwani sasa hivi, na chini yake akaandika: "Yaya, sasa ninalala." (Ndugu Watanzania, nyinyi mkisema yaya mnamaanisha mlezi wa watoto. Kwetu upande wa Fizi yaya ni mkubwa wako.)

Nilipoisimulia habari hii pale bombani, wengi walifurahi. Mama mmoja alisema kama mume wake angekuwa nayo mwaka 1996, leo asingekuwa anapanga foleni ya maji Nyarugusu. Sikumbishia. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, na ninaloandika hapa si swali la kama mtu ana haki ya kulinda nyumba yake. Anayo. Sisi ni watu ambao nyumba zetu hazikulindwa, hatuhitaji kufundishwa hilo. Swali langu ni dogo zaidi: mtu aliye ndani, usiku, mwenye hofu na mwenye silaha, ana deni gani kwa mtu aliye nje ya mlango ambaye bado hajamjua ni nani?

Nilimuuliza mdogo wangu hivyo hivyo kwa sauti. Akanijibu dakika nne nzima. Nafupisha: "Yaya, wewe unaongea habari ya kuuliza. Sisi tuliuliza. Baba aliuliza 'nani?', wakamjibu kwa risasi kupitia mlangoni. Anayeuliza anamwonyesha adui mahali alipo." Na ni kweli. Baba yake, ambaye ni baba yangu mdogo, alikufa hivyo. Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, yuko chini ya kitanda. Kwa hiyo naomba nisisomwe kama mtu aliyeshiba anayemfundisha mwenye njaa namna ya kula polepole. Hofu yake ina tarehe, ina mahali, ina kaburi.

Lakini huko aliko sasa kuna makaburi mengine, na ya kwao yana habari tofauti.

Oktoba 1992, mjini Baton Rouge, jimbo la Louisiana, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 aitwaye Yoshihiro Hattori alikuwa anaenda kwenye sherehe. Ni ile sikukuu ya Halloween ambayo watu huvaa mavazi ya kuigiza. Yeye alivaa suti nyeupe ya mcheza dansi. Yeye na mwenzake walikosea nyumba, tarakimu za namba zilipishana tu, mtaa ulikuwa uleule. Mama wa nyumba alifungua mlango wa pembeni, akaogopa, akaufunga, akamwita mume wake alete bunduki. Mume akatoka na bastola kubwa akapiga kelele: "Freeze!" Kijana akaendelea kumsogelea. Risasi moja kifuani.

Sasa, wewe unayesoma Kiingereza pale darasani, hilo neno umelikuta wapi? Kwenye somo la maji: maji yakipata baridi sana yanageuka barafu. Nani amekufundisha kwamba ukiambiwa ugeuke barafu maana yake ni "simama hapo ulipo la sivyo nakuua"? Yule mtoto alikuwa mgeni wa lugha, kama tutakavyokuwa sisi. Mwaka 1993 baraza la mahakama, wale wananchi kumi na wawili, walimwachia huru mwenye nyumba. Mwaka uliofuata mahakama ya madai ilimwamuru awalipe wazazi zaidi ya dola 650,000.

Miaka thelathini baadaye, Aprili 2023, mjini Kansas City, jimbo la Missouri, kijana mweusi wa miaka 16, ambaye wazazi wake walitoka Liberia, alitumwa na nyumbani kwenda kuwachukua wadogo zake mapacha kwa rafiki yao. Barabara mbili zilikuwa na namba moja, 115, tofauti ni neno linalofuata namba. Akabonyeza kengele ya nyumba isiyo yenyewe. Mzee wa miaka 84 akampiga risasi kupitia mlango wa kioo, ya kichwa na ya mkono. Kijana alipona, kwa namna ambayo wengine wataita muujiza. Siku mbili baadaye, kijijini Hebron, jimbo la New York, gari la vijana waliopotea njia liliingia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Walikwisha kugundua kosa na walikuwa wanageuza waondoke. Mwenye nyumba akafyatua kutoka barazani kwake, akamuua binti wa miaka 20.

Angalieni hukumu zilivyoachana. Wa Louisiana alirudi nyumbani kwake. Wa Missouri alikiri kosa lililopunguzwa mwaka 2025, akafa kabla ya kupewa adhabu. Wa New York alipatikana na hatia ya mauaji na anatumikia miaka 25 hadi maisha. Kila jimbo na sheria yake, kila kesi na ushahidi wake, hilo naelewa. Ila jambo la chini kabisa ni lilelile: mtu aliye ndani aliamua nani yuko nje kabla ya kumjua.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Mahakama ya Uingereza ilisema tangu mwaka 1604 kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Wamarekani waliirithi: ukiwa nje, sheria ya kale ilikutaka ukimbie kama unaweza kukimbia salama, ukiwa nyumbani kwako huna wajibu wa kukimbia, kwa sababu utakimbilia wapi? Mwaka 2005 jimbo la Florida lilivuta ruhusa hiyo hadi barabarani, na majimbo mengi yakafuata. Mimi sioni ubaya katika mzizi wake. Mtu aliyewahi kufukuzwa kwake analielewa swali la "utakimbilia wapi" kuliko hakimu yeyote. Tatizo liko kwenye kipimo. Sheria inadai hofu iwe na sababu, iwe hofu ambayo mtu wa kawaida angekuwa nayo. Na mtu wa kawaida ni nani? Ni jirani wa yule aliyefyatua, anayeogopa vitu vilevile na watu walewale.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo hili kwa upande mwingine. Sisi tukiiwaza Marekani tunajiweka ndani ya nyumba: mlango, kitasa, ufunguo wako mwenyewe. Lakini kwa miaka ya kwanza mkimbizi ni mtu wa nje ya mlango. Ndiye anayeleta chakula cha kuagizwa. Ndiye anayetafuta namba ya nyumba gizani kwa simu yenye chaji kidogo. Ndiye anayeambiwa neno moja la Kiingereza kwa kelele na ana sekunde mbili za kulielewa.

Wachungaji wetu hupenda kuisema Kutoka sura ya 22 jambo hili likitajwa, basi tuisome vizuri. Inasema mwizi akikutwa anavunja nyumba akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Wengi wanaishia hapo, Amina, na bastola inunuliwe. Mstari unaofuata unasema jua likiwa limekwisha kumchomozea huyo mwizi, hatia ya damu ipo. Kwa nini jua? Mwizi ni yuleyule, nyumba ni ileile. Ninavyoelewa mimi, jua linamwezesha mwenye nyumba kuona: huyu ni nani, ana nini mkononi, amekuja kuua au kuchukua mbuzi. Mwenye kuona anadaiwa zaidi kuliko asiyeona. Sasa mtu wa leo ana swichi ya taa ukutani, ana taa ya barazani, ana simu ya kuita polisi. Jua lake liko kwenye kidole. Akiamua kufyatua gizani, kwa sehemu giza hilo ni la kuchagua.

Kuna kesi ya Afrika Kusini ambayo wengi mnaikumbuka, ya mkimbiaji Oscar Pistorius. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, alipiga risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa, akamuua mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alisema alidhani ni mtu aliyevamia nyumba. Mahakama ya kwanza ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ikasema hapana, ni mauaji. Hoja yao mimi naiona nzito kuliko mahubiri mengi: hata tukikubali kwamba hakujua ni mpenzi wake, alijua kuna mtu nyuma ya mlango ule, kijumba kidogo kisicho na pa kujificha, na alijua risasi nne zinaweza kumuua mtu huyo. Jina la aliyekuwa mle haliondoi hatia.

Hebu likalie hilo kidogo. Tunapolia "lo, kumbe alikuwa mpenzi wake!", "kumbe alikuwa mwanafunzi tu!", ndani ya kilio chetu kuna neno baya limejificha: kwamba angekuwa mgeni tu, mtu asiye na jina, mwenye ngozi kama yetu na shati lililochanika, isingekuwa kosa. Kosa tunaliona marehemu akishapata jina. Lakini aliyefyatua hakujua jina wakati ule, la huyu wala la yule. Alichofanya ni kitu kimoja.

Kwa hiyo nalikataa neno "ajali". Biblia ina ajali yake, na sisi wakimbizi tunapaswa kuijua kuliko watu wote, maana ndiyo iliyozaa makimbilio ya kwanza. Hesabu 35 na Kumbukumbu la Torati 19 zinaeleza miji sita iliyotengwa kwa ajili ya mtu aliyemuua mwenzake pasipo kukusudia. Mfano uliotolewa ni watu wawili walioenda msituni kukata kuni. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampiga mwenzake, anakufa. Huyo akimbilie mmoja wa miji hiyo, apate kuishi. Lakini haruhusiwi kurudi kwake. Anakaa ugenini mpaka kuhani mkuu afe, hata ikiwa miaka thelathini. Mnaliona hilo? Si muuaji, hauawi. Wala haambiwi "pole, bahati mbaya, rudi ukalale". Damu imemwagika na mkono wake, na maisha yake hayaendelei pale yalipoishia.

Sasa mlinganishe huyo na mtu wa bastola. Mkono wake haukuteleza. Chuma hakikuchomoka. Alilenga, risasi ikaenda pale pale alipoituma. Kilichokosea ni wazo, tena wazo lililopewa sekunde moja na nusu kufikiriwa. Ukitaka kuita hilo ajali, utakuwa umeweka mpini na chuma mahali ambapo palikuwa na uamuzi.

Mzee mmoja wa kanda yetu, mtu ninayemheshimu, alinipinga hapa. Alisema: hofu nayo ni kama chuma cha shoka, inachomoka yenyewe, mtu hajaamua chochote. Nilimwelewa. Nimeona watu hapa kambini wanaoruka kitandani bati likidondoka, wanatoka nje mbio wakiwa uchi, na asubuhi hawakumbuki. Je, huyo ameamua?

Nilirudi kwake baada ya siku mbili na Kutoka 21, habari ya ng'ombe mwenye kupiga pembe. Ng'ombe akimuua mtu kwa mara ya kwanza, ng'ombe anapigwa mawe na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alizoea kupiga pembe, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfunga, basi mwenyewe ana hatia. Hofu yetu sisi ni huyo ng'ombe. Mdogo wangu anajua kwamba anaamka saa nane usiku anatetemeka. Mke wake anajua. Nami ninajua, nililala naye chumba kimoja miaka minne. Amekwisha kuonywa na mwili wake mwenyewe. Usiku ule wa kufyatua anaweza kweli asiwe ameamua kitu, lakini mchana wa kununua alikuwa macho, ametulia dukani, na ng'ombe wake anamjua. Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Sasa unataka walioonja vita ndio wasijilinde?" Ni swali gumu, na sidhani nimelimaliza. Ninachosema ni kwamba deni lao la kufunga zizi ni kubwa kuliko la wengine, ingawa hawakumwomba mtu ng'ombe huyo.

Nirudi kwa neno la mdogo wangu, "sisi tuliuliza". Usiku ule kijijini, aliyekuja mlangoni alikuwa adui. Hakukuwa na mgeni mwingine wa saa ile. Baba mdogo angeuliza asingeuliza, walikuja kuua. Usiku wa vita una hesabu yake. Lakini mwaka huu, kwenye nyumba ya mdogo wangu, nani anakuja gizani? Nilimwomba ahesabu. Kijana wake wa kwanza ana miaka 19, anafanya kazi kiwanda cha nyama, zamu ya usiku, anarudi saa tisa. Binti anasahau ufunguo. Jirani Mkongo alikuja mara moja usiku mke wake alipokuwa na uchungu. Mwizi, miaka saba, hajaja. Utafiti mmoja wa madaktari uliochapishwa mwaka 1993, uliofanywa kwenye kaunti tatu za Marekani, ulikuta kwamba nyumba yenye bunduki ilihusishwa na hatari ya mtu kuuawa nyumbani humo karibu mara tatu zaidi, na wauaji wengi walikuwa ndugu au watu wanaofahamika. Wako wanaoubishia hesabu zake. Lakini hili halina ubishi: zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki kule ni watu waliojiua wenyewe. Kwa jamii yetu, yenye vijana tunaowajua na usiku tunaoujua, sentensi hiyo inanitisha kuliko mwizi.

Na kuuliza si lazima usimame mlangoni kifua wazi. Hapa kwetu usiku wanalinda sungusungu, wakimbizi wenzetu, silaha yao tochi na fimbo. Wanaita kwa mbali, "Nani huyo? Simama hapo!", taa inamulika, ndipo wanasogea. Sisemi wao ni malaika. Kilio cha "mwizi!" kikipigwa, kambi nzima inaweza kufanya alichofanya yule mzee wa Missouri, tena kwa mikono mingi. Nilimwona kijana aliyelewa akakosea mlango, akapigwa mpaka mkono ukavunjika. Wiki iliyofuata waliompiga walimpelekea unga na sabuni, wakakaa mkekani kwake, wakaomba radhi, na mwenyewe akawatukana vizuri sana mpaka akacheka. Fimbo nayo huua, tumewahi kuzika. Lakini mara nyingi inamwacha mtu wa kuombwa radhi.

Lugha yetu ilikwisha kuligawa deni hili zamani. Anayekuja hupiga hodi, kwa sauti, ili aliye ndani asikie kama ni mwanamke, mtoto, mgeni, mlevi. Aliye ndani hujibu. Mpaka ajibu, yule wa nje haingii. Na mpaka asikie, yule wa ndani hahukumu. Kengele ya Marekani haina sauti ya mtu. Inalia sawa kwa polisi na kwa mtoto aliyepotea. Basi aliye ndani ana kazi ya kuitafuta hiyo sauti, kutoka nyuma ya ukuta kama anaogopa, mlango ukiwa umefungwa, simu mkononi. Hata akitetemeka.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, nina neno moja kwenu. Mlango wa kwenda Marekani ulifungwa Januari 2025, tunajua. Lakini wapo wanaokwenda nchi nyingine, wapo waliokwisha kufika, na siku mlango ukifunguka mtakuwa na darasa tena. Waliopitia darasa hilo wanatusimulia habari za namba 911, za mkanda wa gari, za jiko la umeme. Ongezeni saa moja ya mlango. Fundisheni "freeze" kwa vitendo, mtu asimame, mikono ionekane, asisogee kueleza. Fundisheni kwamba ukikosea nyumba unarudi nyuma hadi barabarani, unapiga simu. Na wanaofikiria kununua silaha, waulizeni kwa faragha, bila kuwaaibisha, wanalalaje usiku.

Wazazi wa Hattori, kule Japani, walikusanya sahihi zaidi ya milioni moja na nusu za kudai silaha zipunguzwe majumbani Marekani, na mwaka 1993 wakaonana na Rais Clinton. Walianzisha pia mfuko wa kuwaleta wanafunzi wa Kimarekani kusoma Japani, vijana wa umri wa mtoto wao, wageni wa lugha.